Umetumwa na Nani

Mwezi huu wamekuja watatu,
kila mmoja na fulana yake, na kalamu yake shingoni.
Soko limefunguliwa, wanasema,
umeme sasa unachaguliwa
kama nyanya za Mabibo: unabonyeza, unarudisha.
Nikawaambia karibuni. Kiti ni kimoja,
mwingine akalie ndoo.

Wa kwanza alileta kanga.
Nikaisoma kabla sijaipokea:
MWANGA WETU NI FURAHA YAKO.
Kanga gani hii isiyomsema mtu?
Nikaikunja, nikaitia kabatini.

Wa pili alikuwa na kishikwambi,
akanionyesha mstari unapanda, mstari unashuka.
Usiku wa manane bei ya kutupa.
Mchana bei ya kawaida.
Jioni (hapo alimeza mate) jioni itategemea.
Itategemea nini, baba?
Jioni ndipo barafu zangu zinapotoka,
ndipo Chande anapomalizia mashati ya shule,
ndipo Mama Tumpe anapopiga pasi nguo za watu wa Sinza.
Saa tisa usiku hapa wanaoamka ni mbu.

Tukakaa koridoni, vyumba sita, mita moja,
daftari la Luku katikati kama mgonjwa.
Ngwila, wa chuo, anataka umeme wa jua, ulio safi.
Chande akacheka mpaka uzi ukamtoka mdomoni:
Nguzo ile ile, waya ule ule!
Mimina vikombe vitatu vya chai kwenye sufuria moja,
kisha uchote, useme hiki ni changu.
Mama Tumpe yeye shida yake nyingine:
Miaka yote tulikuwa na mmoja wa kumlaani,
tulishamzoea.
Tukilala giza sasa, tutamlaani nani?
Na tukabishana hadi saa nne,
mpaka mtoto wa chumba cha nne akakumbusha
kwamba jina lililo kwenye mita ni la mwenye nyumba,
na mwenye nyumba yuko Kilosa, hapokei simu.

Wa tatu alikuja peke yake, jua la saa saba,
Yusto, viatu vimelika upande mmoja.
Hakuwa na kanga wala mistari.
Nikamuuliza swali langu moja:
Ukikatika saa nane usiku,
juisi zangu mia mbili zikaanza kutoa jasho,
nimpigie nani?
Akanionyesha namba iliyochapwa, huduma kwa wateja, usiku na mchana.
Akaitazama.
Akaikata kwa kalamu, akaandika nyingine pembeni.

Alhamisi friji likakohoa mara moja, likanyamaza.
Ukimya wake ndio ulioniamsha.
Nikapiga.
Nani?
Mama wa barafu, Mabibo.
Nyuma yake mtoto analia, kitu kimeanguka, bati au sufuria.
Mama, hata huku Kigogo hakuna.
Mimi mwenyewe natafuta kiberiti.

Sikujua nicheke au nimtukane.
Hakukata simu, wala mimi sikukata.
Akasema usifungue mlango wa friji, hata kidogo,
ukifungua umeuza baridi yako bure.
Lifunike, funika kwa chochote kizito.
Nikalifunika blanketi, na juu ya blanketi
ile kanga, maandishi yakiangalia ndani.
Nikakaa kwenye ndoo, nikilisikiliza
kama unavyosikiliza kifua cha mtoto mwenye homa.

Ulirudi alfajiri, adhana ya kwanza.
Taa ya koridoni ikawaka, feni ya Ngwila ikaanza kupiga kelele.
Haukusema umetumwa na nani.

Zilizoyeyuka ni kumi na tatu.
Watoto wa nyumba wamezinywa kabla ya shule,
midomo myekundu kwa ubuyu.
Fomu tatu bado ziko juu ya friji, zimelowa kidogo,
na namba ya Yusto nimeiandika ukutani kwa mkaa,
chini ya namba ya fundi,
juu ya deni la chumba cha pili.